Namna ya kumchukua mtu asiye na ajira ajitolee kwako mpaka apate kazi, bila kumgeuza mfanyakazi wa bure

Hii nawaandikia wenye sehemu ambayo mtu anaweza kuja kujitolea, iwe maktaba, shule, zahanati, kituo cha wazee, stoo ya nguo za msaada, au ofisi ndogo yenye watu watatu na printa mbovu. Mmekaa mkaamua mchukue watu waliokaa muda mrefu bila kazi, waje wajitolee kwenu, lengo likiwa watoke hapo waende kwenye ajira ya kulipwa. Sawa kabisa. Ila niseme mapema, ukimpa mtu nafasi halafu ukamuacha ajijue mwenyewe umejipatia nguvukazi ya bure tu, na yeye baada ya miezi sita atakuwa pale pale alipokuwa, kachoka zaidi. Kinachofanya kitu hiki kiwe msaada ni mtu mmoja, anayejulikana kwa jina, ambaye kazi yake ni kutembea na huyu aliyekuja tangu siku ya kwanza mpaka wiki kadhaa baada ya kupata kazi. Hapa nitamwita mratibu. Kama hamjampata huyo, msianze, kwa kweli. Subirini.

Na huyo mratibu asipewe watu kibao. Kuna mfumo wa kusaidia wagonjwa wa akili kupata ajira unaitwa IPS, nitaurudia huko mbele, wao kiwango chao ni watu wasiozidi 20 kwa mfanyakazi mmoja, na hapo huyo mfanyakazi hafanyi kitu kingine chochote. Kama mratibu wako ndo huyo huyo anayeandika ripoti, anayepokea simu na anayetafuta wafadhili, anza na watu watatu au wanne.

Kwanza jua mtu anakosa nini akikosa kazi

Jibu la haraka ni hela, na ni kweli, tena kujitolea hakutampa hiyo hela, hili liseme wazi siku ya kwanza usije ukamuacha mtu anasubiri mshahara usiokuja. Lakini kuna vingine vinaondoka pamoja na hela. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kulikuwa na kijiji Austria kinaitwa Marienthal, karibu watu wote walikuwa wanategemea kiwanda kimoja cha nguo, kiwanda kikafungwa, basi timu ya watafiti wakiwemo Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel wakaenda kuangalia watu wanaishije. Ungetegemea mtu mwenye muda wote huo atasoma vitabu mpaka achoke, si ndio? Uazimaji wa vitabu maktaba ulishuka karibu nusu, na hapo vitabu vilikuwa vinatolewa bure. Wakakaa dirishani na saa wakapima mwendo wa watu barabarani, wanaume walikuwa wanatembea polepole na kusimamasimama njiani, hawana wanapowahi.

Baadaye Jahoda alikuja kueleza kwamba kazi inampa mtu vitu vitano mbali na kipato: mpangilio wa siku, watu wa nje ya familia yake, kuwa sehemu ya jambo kubwa kuliko yeye, hadhi mbele za watu, na shughuli ya kila mara. Mimi hivi vitano navitumia kama kipimo. Chukua nafasi unayotaka kumpa mtu, ipitishe kwenye kila kimoja. Kwa mfano kumpa mtu mafaili ya kuskani peke yake kwenye chumba cha nyuma, siku anayotaka yeye, hapo umempa shughuli tu, vingine vinne hamna. Kazi hiyo hiyo ukimpa afanye Jumanne na Alhamisi asubuhi, pamoja na mtu mwingine, halafu umwonyeshe nani anayatafuta yale mafaili na kwanini, umeshavipata karibu vyote na hujaongeza gharama yoyote.

Tengeneza nafasi kabla ya kumtafuta mtu

Hapa ndo wengi wanakosea, wanamuita mtu kwanza halafu siku akifika ndo wanaanza kuulizana "sa huyu tumpe nini". Mtu aliyekaa mwaka mzima anaambiwa nafasi hamna, akifika kwako akakuta watu wanababaika watamweka wapi, ujumbe anaoupata ni ule ule.

Andika karatasi moja, usizidishe. Usiandike "kusaidia shughuli za maktaba". Andika hivi: Jumanne na Alhamisi, saa tatu mpaka saa sita. Kupokea vitabu vinavyorudishwa, kukagua kama kuna kurasa zimechanika, kuvirudisha kwenye rafu, kumwelekeza anayeuliza kitabu kiko wapi. Utakuwa na fulani. Nauli unarudishiwa siku hiyo hiyo kabla hujaondoka. Tutakaa tena kuangalia tumefika wapi baada ya wiki nne, na mpango huu unaisha tarehe fulani.

Hiyo tarehe ya mwisho usiiache. Mimi naweka miezi mitatu, inaweza kuongezwa lakini lazima mkae muamue wote wawili, isijiongeze yenyewe. Najua kinachotokea isipokuwepo: mtu anakuwa mzuri, anajua stoo kuliko mtunza stoo, kila mtu anampenda, mwaka unapita, hakuna anayetaka aondoke na hakuna anayetaka kumlipa. Huo ni wizi hata kama unafanywa kwa tabasamu.

Jiulize pia swali hili na ujijibu kwa ukweli: asingekuwepo huyu, tungelazimika kuajiri mtu? Kama jibu ni ndio, hiyo ni ajira, ilipe. Na usimpe zamu za mfanyakazi aliyeachishwa mwezi uliopita, wenzake watamchukia na watakuwa na haki.

Alafu suala la hiari. Mwaka 2013 mkutano wa wanatakwimu wa kazi unaoitishwa na ILO, Shirika la Kazi Duniani, uliweka wazi kwamba kazi ya kujitolea ni ile isiyolipwa na isiyo ya lazima, inayofanywa kwa ajili ya wengine. Isiyo ya lazima. Kwahiyo kama mtu ameletwa kwako na ofisi fulani kwa tishio kwamba asipokuja atanyimwa kitu, yupo kwako kwa kulazimishwa, na unatakiwa kuongea naye ukijua hivyo. Nchi zenye posho ya wasio na kazi zina masharti yake kuhusu kujitolea, mara nyingi ni masaa unayoruhusiwa na kwamba uwe tayari kuacha ukiitwa kwenye usaili, sasa kabla hajaanza, muende au mpige simu ofisi husika pamoja, mpate jibu la maandishi. Usimwachie aende kuuliza mwenyewe halafu akatwe posho kwa kuwa alijieleza vibaya.

Kuhusu hela ya nauli na ya kula: rudisha alichotumia kweli, na rudisha siku hiyo hiyo, mkononi. Taasisi nyingi zina utaratibu wa kujaza fomu mwisho wa mwezi, huo ni utaratibu wa watu wenye mshahara. Asiye na kazi akikopa nauli ya wiki mbili akisubiri fomu ipite kwa mhasibu, wiki ya tatu haji, na nyie mtasema hakuwa siriasi. Ila angalia kitu kimoja, ukimpa kiasi kile kile kila siku bila kujali ametumia nini, sehemu nyingine sheria inaweza kukihesabu kama mshahara, na hapo mnajiingiza kwenye mambo mengine, kwahiyo tunza tiketi au daftari la saini.

Maongezi ya kwanza

Msiite usaili. Ameshafanya za kutosha na zote zilimuishia vibaya.

Kaeni sehemu isiyo na meza katikati kama inawezekana. Ukianza na "una uzoefu gani" utapata kichwa kimeinama na "sina". Anza na siku yake. Jana ilikuwaje, uliamka saa ngapi, ulifanya nini. Halafu uliza swali hili ambalo kwangu ndo limewahi kutoa majibu mazuri kuliko yote: watu huwa wanakuja kukuomba uwasaidie nini? Kila mtu ana kitu. Mmoja atakwambia majirani wanamletea simu zao zikigoma, mwingine anaitwa kwenye kila msiba kusimamia chakula, mwingine huwa anaitwa kusuluhisha wakigombana. Andika hayo maneno kama alivyoyasema, utayahitaji baadaye kwenye wasifu wake.

Kisha vikwazo, na hapa nenda taratibu. Nauli, watoto wanabaki na nani, anamuuguza mtu, usingizi, pombe, alishawahi kufungwa, afya. Usimuulize mtu "unaumwa nini", hilo halikuhusu. Uliza "kuna kitu gani ukikipata hapa utaweza kuja bila shida", atakwambia anahitaji kukaa karibu na choo, au asianze kabla ya saa nne sababu dawa zinamlevya asubuhi, na wewe hujajua ugonjwa na hukuhitaji kuujua. Kama nafasi ni ya kukaa na watoto au wagonjwa, ukaguzi wa rekodi zake upo na unafanyika kwa wote, mwambie mapema kabla hajaanza kuipenda kazi, inauma sana kukataliwa wiki ya tatu.

Na fomu. Akikwambia kasahau miwani, na siku ya pili tena kasahau miwani, we chukua fomu isome kwa sauti, jazeni wote wawili, na usiseme chochote kuhusu miwani. Ukishajua hawezi kusoma vizuri unajua pia usimpe kazi ya lebo wiki ya kwanza, na baadaye, akishakuzoea, mtafutie darasa la kusoma la watu wazima, lakini sio siku hiyo.

Wiki za mwanzo ndo kila kitu

Anza kidogo. Nusu siku mbili kwa wiki zinatosha, siku zile zile, saa ile ile. Watu wanapenda kumpa mtu siku tano ili "azoee hali ya kazini", halafu siku ya nne hayupo. Mwili na kichwa vilivyokaa mwaka bila ratiba vinahitaji muda, ongeza masaa baada ya wiki tatu nne ukiona anafika.

Mpe mwenyeji, mtu wa kawaida pale kazini, asiwe bosi, wa kumwonyesha choo kiko wapi, watu wanakula saa ngapi, nani hapendi kuguswa kikombe chake. Kitambulisho cha shingoni kama wenzake wanavaa na yeye avae, chenye jina lake, kisiandikwe "wa kujitolea" kwa herufi kubwa kuliko jina. Na kabla hajafika ongea na wafanyakazi wengine kwamba hatumwi chai. Nasema hivi kwa sababu kila sehemu kuna yule mmoja ambaye akiona mtu mpya asiyelipwa anamgeuza mtu wa kutumwa vocha na chai, ndani ya siku mbili, na akishageuzwa hivyo kumrudisha kwenye heshima ni kazi ngumu.

Kazi ya siku ya kwanza iwe inayoisha siku hiyo hiyo na kuna mtu ataitumia.

Sasa namna ya kufundisha. Miaka ya 1970 Marekani kulikuwa na mtu anaitwa Marc Gold, alikuwa anafundisha watu wenye ulemavu mkubwa wa akili, wale ambao kila mtu alishasema hawawezi kitu, na aliwafundisha kuunganisha breki ya baiskeli yenye vipande 15. Siri yake haikuwa kubwa, alikuwa anaivunja kazi vipande vidogo vidogo, anaonyesha kwa mikono na kuongea kidogo sana, na mtu akikosea hafokewi, anaonyeshwa njia nyingine. Mimi naona hii inamfaa mtu yeyote aliyepoteza kujiamini. Onyesha mara moja, fanyeni pamoja, afanye wewe upo pembeni, ondoka dakika kumi, rudi. Na maneno punguza. Mtu mwenye hofu ukimpa maelekezo ya dakika tano anashika la kwanza na la mwisho tu.

Nitoe mfano wa stoo ya nguo. Nguo za msaada zinaingia, kuna rundo la kugawa na rundo la kutupa. Unamwonyesha mgeni wako, anaanza vizuri, ukirudi unamkuta ameshika shati moja lenye kifungo kimekatika, amesimama nalo, anakutafuta kwa macho. Ukimwangalia haraka utasema mvivu. Anaogopa kukosea mbele za watu, maana mara ya mwisho alipokosea kazini labda ndo siku aliyofukuzwa. Dawa ni kapu la tatu, la "sina uhakika". Shati la kifungo linaingia humo, kazi inaendelea, mwisho wa zamu mnakaa na hilo kapu mnapitia moja moja, hili tunagawa kwa sababu kifungo kinashonwa, hili hapana kwa sababu doa la mafuta halitoki. Siku za mwanzo kapu litajaa. Likianza kubaki na vitu viwili vitatu tu, hapo unajua yuko tayari kupewa kitu kikubwa zaidi, na huhitaji kumfanyia mtihani wowote. Kapu la namna hiyo linaweza kuwekwa kwenye kazi yoyote, hata ya ofisini, trei ya karatasi asizojua ziende wapi.

Asipokuja, na ipo siku hatakuja, mtafute siku hiyo hiyo. Sio kesho kutwa. Mtu akikosa siku moja aibu inaanza, akikosa mbili aibu inakua, ya tatu hawezi tena kurudi hata kama anataka. Ujumbe mfupi unatosha: "Habari kaka, leo hatukukuona tukasema tukusalimie. Kama kuna kitu kimekwama niambie tu. Alhamisi nafasi yako ipo pale pale." Usimuulize sababu kwenye meseji, na usiweke ile "natumaini haitajirudia". Akirudi, mpokee kama kawaida, baadaye mkiwa wawili ndo muulize. Akikosa mara nyingi mfululizo hiyo ni taarifa, masaa ni mengi, au nauli, au kuna mtu pale anamnyanyasa, au kazi yenyewe haipendi na hajui kama anaruhusiwa kusema.

Kila wiki kaa naye dakika 20, siku ile ile, mlango umefungwa. Nini kilienda vizuri, nini kilikukera, wiki ijayo unataka kujaribu nini. Hilo la pili lisikilize kweli, na kama amelalamika kuhusu kitu kinachoweza kubadilishwa, kibadilishe kabla ya wiki kuisha.

Geuza alichofanya kiwe maneno ya mwajiri

Hapa ndo penye faida yote na ndo panapoachwa sana. Mtu anajitolea miezi mitatu, anaondoka na cheti kizuri chenye nembo kinachosema "alishiriki kikamilifu". Mwajiri hana cha kufanya na hicho.

Nunua daftari. Mwisho wa kila zamu, au angalau kila wiki kwenye yale maongezi ya dakika 20, andikeni mistari mitatu ya alichofanya, chenye namba ndani kama ipo. Kama hawezi kuandika, aongee wewe uandike kwa maneno yake. Baada ya miezi mitatu hilo daftari ndo wasifu wake. Angalia tofauti. Mwenyewe akiulizwa atasema "nilikuwa nasaidia stoo". Daftari linasema: alipokea mizigo inayoingia mara mbili kwa wiki, aliihesabu na kuilinganisha na karatasi ya aliyeleta, aligundua upungufu mara mbili akaripoti, alimfundisha mtu mpya namna ya kupanga. Ni kazi ile ile. Hiyo ya kuripoti upungufu peke yake inamwambia mwenye duka kila kitu anachotaka kujua, yaani huyu mtu anahesabu na haibi.

Barua ya utambulisho iandikwe na mtu aliyemwona akifanya kazi, iwe fupi, itaje kazi tatu na tukio moja, na iwe na namba ya simu ambayo ikipigwa kweli inapokelewa. Mwambie huyo mwenye namba kwamba simu inaweza kuja, na umpe jina la huyo mtu, nimeshaona nafasi inapotea kwa sababu aliyepokea simu alijibu "nani? simkumbuki".

Kisha lile swali la pengo. Kwenye usaili ataulizwa, miaka miwili hii ulikuwa wapi? Asiposhikishwa jibu mapema ataanza kujitetea, ataeleza bosi wa zamani alivyokuwa mbaya, na habari imeisha. Jibu liwe sentensi tatu, la kweli, lisiombe huruma: "Kampuni ilipunguza watu nikiwemo mimi. Nimetafuta, na mwaka huu nimekuwa natunza stoo ya taasisi fulani siku mbili kwa wiki, napokea mizigo na kuweka hesabu. Nataka kazi kama hiyo ya siku zote." Basi, anyamaze hapo. Fanyeni kwa sauti, mara nyingi, wewe ukiwa mwajiri mkali, mpaka akome kuangalia chini akifika kwenye "ilipunguza watu". Kama alifungwa au aliumwa, tafuteni maneno yake ya kweli mapema vile vile, asidanganye na asimwage kila kitu.

Usimsubirishe mpaka "awe tayari"

Hili linawashangaza watu. Ule mfumo wa IPS niliousema, uliojengwa Marekani na Robert Drake na Deborah Becker kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990, ulikuja kupinga utaratibu wa zamani wa kumpeleka mtu mafunzo, halafu karakana maalumu, halafu mafunzo tena, ndo siku moja aruhusiwe kutafuta kazi. Wao wakasema kama mtu anataka kazi anza kumtafutia sasa hivi, msaada uje akiwa kazini. Imejaribiwa nchi nyingi kwa kulinganisha makundi mawili, na wale waliotafutiwa kazi moja kwa moja wamekuwa wanaajiriwa kuliko wale wa mafunzo marefu. Na hao ni watu wenye maradhi makubwa ya akili, sembuse huyu wako.

Kwahiyo kujitolea kusiwe ngazi ambayo lazima aimalize kwanza. Anayetaka kazi leo, mtume barua za maombi leo, huku anakuja Jumanne na Alhamisi. Akiitwa usaili Jumanne, aende, na mpongeze. Akipata kazi wiki ya pili, mpango umefanikiwa hata kama rafu zako bado hazijapangwa.

Kuna takwimu moja watu wanapenda kuitaja, utafiti wa mwaka 2013 wa wakala wa serikali ya Marekani inayosimamia kujitolea, kwamba waliokuwa bila kazi wakajitolea walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata kazi kwa 27% kuliko wasiojitolea, na kwa wasiomaliza sekondari na wanaoishi vijijini tofauti ilikuwa kubwa zaidi. Ni nzuri kuionyesha bodi yako. Ila usimwahidi mtu kwa hiyo, maana haisemi kujitolea ndo kulikowapa kazi, inawezekana wanaojitolea ni watu wenye afya na marafiki wengi tangu mwanzo.

Ambacho mimi nakiamini zaidi ni watu atakaokutana nao. Mwanasosholojia Mark Granovetter mwaka 1973 alionyesha kwamba kati ya watu aliowahoji waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, zaidi ya 80 katika kila 100 huyo mtu walikuwa wanaonana naye mara moja moja au kwa nadra. Rafiki yako wa karibu anajua habari zile zile unazojua, tena pengine na yeye hana kazi. Anayejua nafasi iko wapi ni dereva anayeleta mzigo mara moja kwa mwezi, mzazi anayekuja kuchukua mtoto, fundi wa printa. Sasa mtu wako ukimficha nyuma hatakutana na hata mmoja wao. Mlete mbele aonekane. Dereva akija usiseme "huyu ananisaidia", mtaje jina, sema "huyu ndo anapokea mizigo yetu, ukikuta kuna tatizo la hesabu muulize yeye, na anatafuta kazi ya stoo". Inachukua sekunde kumi. Waambie na bodi yako na wafadhili, kila mmoja ana mtu anayeajiri, wengi hawajawahi kuombwa.

Na wapo ambao kwa sasa ajira haitakuja, anamuuguza mzazi usiku na mchana, au ugonjwa bado haujatulia. Usiendelee kujifanya. Kaeni, muamue kama anataka kubaki kwa sababu anapenda kuwepo, ni sababu nzuri kabisa, ila karatasi ibadilishwe iseme hivyo na umwache kwanza na maswali ya kila wiki ya umetuma maombi mangapi.

Akipata kazi

Watu wanapiga makofi, wanakata keki, wanafunga faili. Faili lisifungwe. Kwanza hesabuni hela ya kati: anaanza tarehe mosi, mshahara wa kwanza ni mwisho wa mwezi, posho imekatwa, na nauli ya kwenda kazini sasa ni ya siku tano au sita badala ya mbili. Wengi wanaacha hapo, sio kwa kushindwa kazi. Kama mna kifungu cha nauli, kiruhusu kiendelee mpaka mshahara wa kwanza uingie, au mtafutieni mkopo mdogo usio na riba, au aongee na mwajiri apewe sehemu ya mshahara mapema, na haya yapangwe kabla hajaanza.

Mpigie jioni ya siku ya kwanza. Mpigie mwisho wa wiki ya kwanza, wiki ya pili, kisha kila baada ya wiki mbili mpaka mwezi wa tatu upite. Wiki ya pili ndo ya hatari, atakwambia anataka kuacha, na ukichimba utakuta ni kitu ambacho nyie wengine mngeona kidogo: hajui anakula wapi saa saba kwa hiyo anazunguka nje mpaka muda uishe, au kuna mashine hakuonyeshwa na sasa imepita wiki anaona aibu kuuliza. Muulize kama anataka umpigie msimamizi wake au mfanye mazoezi ya namna yeye mwenyewe atakavyouliza. Akisema usipige, usipige, mwajiri anaweza asijue kabisa kwamba wewe upo. Kama kazi imeshindikana kweli na ameacha, mwambie aje Jumanne, na daftari lake mlitoe muendelee kuandika, ikiwemo hiyo kazi ya wiki tatu aliyoifanya.